Kikwamizo

Mwaka ule sabuni ilikuwa hadithi, na wanachuo wa ualimu pale Bunda walifulia majani ya mpapai. Hyasinta, binti wa wavuvi wa Bukima, hakuona shida. Shida yake ilikuwa mdomoni. Lugha ya nyumbani ilimpa s moja tu, naye akaifanyisha kazi zote: ya s, ya z na ya sh.

"Dada, sema zeze," Robi, mwenzake wa bweni, alimchokoza asubuhi ya mtihani wa kuzungumza.

"Sese."

"Mungu wangu! Rakini utafauru kweri?"

"Na wewe sema lori."

"Rori."

"Haya, mkagusi, nipise."

Walicheka, ila Hyasinta alicheka kidogo. Huo ndio ulikuwa mtihani wa mwisho. Akianguka, anarudi Bukima kuanika dagaa, na ualimu anausikia kwa majirani.

Watahini walikuwa wawili: Mwalimu Thadeo wa Butiama, ndani ya koti la mtumba lililompwaya mabegani, na Mwalimu Marieta wa Musoma, mama mnene asiyejua kuficha kicheko. Kila mtahiniwa aliokota kikaratasi chenye neno, akaeleza maana yake na asili yake.

Hyasinta akaokota. Kikwamizo.

Akakitazama kikaratasi kama mtu aliyeletewa nyoka kwenye sinia. Maana aliijua, asili aliijua. Ila neno lenyewe lilikuwa na z tumboni. Basi akaamua kulizunguka, akichagua maneno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Ni aina ya sauti, walimu wangu. Hewa inatoka kifuani, inafika mdomoni, inakuta njia imebanwa. Haifungwi ikakoma, haiachwi ikapita. Inapenya kwa taabu, inalia kama mafuta ya moto yakikutana na samaki mbichi."

"Mafuta umeyaona wapi mwaka huu?" akauliza Marieta.

"Nayakumbukaga tu, mwalimu."

Hata Thadeo alitabasamu. "Asili yake?"

"Kukwama. Mtu amekwama. Basi kile kilichomfanya akwame, ndicho hicho."

"Ndicho nini?"

"Ndicho hicho, mwalimu."

"Kina jina?"

"Kinalo."

"Litaje."

Mawe yakaisha, maji yakabaki. Hyasinta akafumba macho. "Kikwamiso."

"Kikwamizo au kikwamisho?"

"Kikwamiso."

"Jamani, amezaa la tatu!" Marieta akajifunika uso kwa khanga.

Thadeo hakucheka. "Binti, maelezo yako ni mazuri, sikatai. Lakini huwezi kufundisha neno usiloweza kulitamka. Watoto watalibeba hivyo hivyo mpaka uzeeni. Ukiishia hapo, umeanguka."

Hyasinta akahisi harufu ya dagaa puani. Darasani waliambiwa s na z ni ndugu wa tumbo moja: ulimi unakaa pale pale, tofauti iko kooni. S inapita kimya, z inanguruma. Akaweka vidole viwili kooni. Akatamka s, koo likalala. Akafunga midomo, akavuma, na koo likatetemeka. Kisha, bila kulinyamazisha, akaachia midomo taratibu, hewa ipenye menoni.

"Mmmmmzzzz."

Marieta akafunua uso. "Mashine ya kusaga! Imepata dizeli!"

"Mwache," akasema Thadeo. "Endelea."

"Kikwa-mi-zzzzo."

"Tena."

"Kikwamizzzo."

"Sasa liseme bila mashine."

Akaondoa vidole kooni. "Kikwamizo," akasema, na yeye mwenyewe akashtuka, kama aliyelisikia kwa mtu mwingine.

Thadeo akaandika. Hakuandika kwa siri. Aligeuza karatasi binti aone. Amefaulu.

Hyasinta akasimama. Furaha ilimjaa, na ile ngurumo mpya ikawa bado inamwasha kooni, haijui ikae wapi. Akapiga goti kwa adabu.

"Azante zana, walimu wangu."

Marieta akaanguka kifudifudi mezani, mabega yakimtikisika. Thadeo akaitazama kalamu, akaitazama karatasi, kisha akaifunika kalamu kwa kifuniko chake.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nenda kabla hujatuaga."