Asiyepimwa Hubwekewa

Kwetu tulikuwa na wanyama wawili, paka na mbwa, na wote wawili walijiona wazazi wetu. Ukiniuliza nani alinilea, nitakutajia mama, baba na hao wawili. Na siku nikiwa nimeamka vibaya, nitaanza na hao wawili.

Paka tulimwita Shangazi, kwa kuwa aliingia chumba chochote bila hodi, akachagua mahali pazuri kuliko pote, kisha akakutazama kama wewe ndiye uliyemkosea. Shangazi wa kweli, dada yake baba, alipopata habari alinuna.

"Yaani mimi ndiyo nimefanana na paka?"

"Wifi," mama akamwambia, "ungemjua huyu paka usingelalamika."

Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, na kamba ukutani ya kutundikia nguo zilizokwisha. Shangazi alilinda kamba ile. Mteja akinyoosha mkono kushika gauni lisilo lake, alikula kofi la makucha hapo hapo. Lakini mdogo wangu alipopata homa, Shangazi aliziacha nguo za watu akahamia kitandani, akajikunja miguuni kwa mgonjwa, na kila aliyekuja na dawa chungu alikatiwa jicho. Homa iliposhuka akarudi kazini bila kuaga. Nampenda yule paka mpaka leo, na mwenye kucheka acheke.

Sasa tuje kwa mbwa, maana huyo ndiye nusura aniozeshe, au nusura aninyime mume, sijui niseme vipi.

Mpambe alikuwa wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mama alimwokota sokoni nyuma ya marobota ya vitambaa, akamleta nyumbani ndani ya mfuko pamoja na vifungo na zipu. Alikulia chini ya meza ya kukatia. Hakung'ata mtu, hapana. Kazi yake ilikuwa kuziba mlango. Mgeni akitokeza getini, Mpambe anasimama kati ya geti na kizingiti, anabweka mpaka mate yanaruka, na hapo hupiti ng'o. Muuza sufuria mmoja alipanda juu ya ukuta, akafanyia biashara huko huko juu, mpaka mama akanunua sufuria kwa huruma tu.

Lakini wapo aliowaachia. Walikuja, akawanusa viatu, akasogea pembeni kama mwenye nyumba. Baba alikuwa na maelezo yake juu ya jambo hilo.

"Huyu mbwa anasoma mioyo," alisema.

Baba alikuwa mlinzi kwenye ghala la kampuni moja, kwa hiyo mambo ya mageti aliyajua. "Mimi pale getini kwangu naangalia kitambulisho," alisema, "Mpambe anaangalia moyo." Akayatangaza mtaa mzima. Basi siku moja jirani akamleta mume wake apimwe uaminifu. Yule bwana mwendo wake ulijulikana mpaka kwa watoto wa shule, lakini Mpambe alimramba mkono! Jirani akaondoka anacheka kwa furaha, mume anatembea kifua mbele, na sisi tukabaki tunatazamana.

Mimi nilishajua siri. Nilikuwa binti wa kushona vifungo na kupinda mikunjo, na anayekaa sakafuni na sindano huona mengi. Yule bwana alikuwa ameshonewa suruali kwetu. Mteja mpya mwenye kitambaa mama alimwingiza mwenyewe, na kila aliyepimwa na mama, Mpambe alimwachia tangu siku hiyo. Mama huzungusha futi yake ya kupimia kifuani kwa mteja, kiunoni, mabegani, kisha huirudisha shingoni mwake na kusema, "Haya, tumemaliza." Mpambe alikuwa chini ya meza anatazama yote. Nadhani aliona mama anakumbatia watu mmoja mmoja, akaamua kwamba aliyekumbatiwa na mama hawezi kuwa adui. Ndiyo akili yake, na mimi nimekutana na watu wenye akili mbaya kuliko hiyo.

Nilipomwambia mama, alikuwa na pini mdomoni kama kawaida yake. Akazitoa zote kwanza.

"Baba yako usimwambie," akasema. "Ana furaha na mbwa wake."

Shida ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja aliyebwekewa kila jioni ya Mungu, naye ni baba mwenyewe. Alirudi kutoka kazini na sare yake, kofia yake na kirungu chake, na Mpambe akamvaa kwa kelele tangu getini. Baba alikuwa anainua mkono. "Nimekusikia, nimekusikia!" Kisha anatugeukia sisi: "Mnaona anavyonisalimia? Nyie hawasalimii hivyo." Nyani haoni kundule, lakini nani atamwambia hivyo baba yake mzazi? Si mimi. Angalau si kwa wakati ule.

Ndipo nikampata seremala.

Meza ya kukatia ililegea mguu, mama akanituma kwa seremala wa njia ya shule. Akaukaza. Baada ya siku chache ukalegea tena, na safari ile niliulegeza mwenyewe. Basi. Alikuwa mtu wa maneno machache na masikio makubwa, na mimi mwenye mdomo kama mashine nilihitaji masikio. Alipokuja kwetu mara ya kwanza, alibeba kigoda alichomtengenezea mama. Mpambe akaziba mlango. Seremala akasimama getini na kigoda chake, akabwekewa mpaka majirani wakatoka, na baba akawa anatazama dirishani anatikisa kichwa.

"Mnamsikia? Yule kijana ana jambo moyoni."

"Baba, hana jambo!"

"Asiyepita kwa Mpambe, kwangu hapiti. Nimemaliza."

Seremala alikiacha kigoda juu ya ukuta, akaenda zake. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Hasira ni ndugu yangu, tulizaliwa pamoja.

Nikamwendea mama. "Mama, mpime tu. Mara moja."

"Ameleta kitambaa?"

"Hajaleta."

"Sasa nimpime nini, bahati?" Akakanyaga cherehani, akaachia. "Futi yangu haimzunguki mtu kwa kuombewa. Aje aombe mwenyewe."

"Atafikaje kwako na mbwa yuko mlangoni?"

"Akikutaka atafika."

Maneno hayo niliyapeleka kwa seremala nikiwa nimefura. Naye akanipa yake: amepata kazi mji mwingine, kujenga madarasa na madawati yake, na anaondoka kesho. Anataka jibu la wazazi wangu kabla hajapanda gari, ili ajue kama ana mtu wa kumrudia. Na mimi, pamoja na huo mdomo wangu wote, nisingetoka kwetu bila baraka ya baba. Najijua. Baba angesema hapana, mimi ningebaki na vifungo vyangu, na seremala angepata mwingine wa kumlegezea meza.

Alikuja jioni ile ile. Amevaa suruali yake moja nzuri, na kwapani ana kitambaa cha kijivu kimekunjwa vizuri. Mpambe akaanza. Na wakati huo huo, nyuma ya seremala, akatokea baba kutoka kazini.

Seremala akampisha pembeni kwa heshima. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamsikia anavyokubwekea?"

"Namsikia, mzee."

Baba akapita mbele, kidevu juu. Mpambe akamgeukia yeye, na sasa kelele zikawa mara mbili. Seremala akatazama mbwa, akatazama baba, akafunga mdomo. Nilimpenda zaidi kwa kule kufunga mdomo. Kisha akafanya kosa moja: alijaribu kuingia nyuma ya mgongo wa baba. Mpambe akazunguka kama upepo, akadaka suruali kwa nyuma, nasi sote tukasikia ikichanika.

"Umeona?" baba akapaza sauti. "Mbwa amekukataa mara ya pili! Kijana, nenda salama. Binti yangu simtoi kwa mtu anayekataliwa na..."

"Baba, hata wewe anakukataa!"

Loo. Neno likitoka halirudi. Nilikuwa nimesimama kizingitini. "Kila jioni anakubwekea wewe! Hakusalimii, baba. Hakujui! Anawajua waliopimwa na mama, basi, na wewe mama hajawahi kukupima!"

Baba akatazama mbwa, kisha mimi, kisha kirungu chake, kama vile ameona sasa hivi kwamba anacho mkononi. Uso wake ulibadilika, na moyo wangu ukaniuma kweli kweli. Mtu ametamba na mbwa wake miaka yote hiyo, halafu unamvua nguo mbele ya majirani. Nilitamani nimeze ulimi.

Mama akatoka. Pini mdomoni, futi shingoni. Akamtazama seremala aliyekuwa ameshika suruali yake nyuma kwa mikono miwili, kitambaa akakibana kidevuni.

"Unataka nini, mwanangu?"

Seremala akakishusha kitambaa. "Nimekuja kuomba kupimwa, mama."

"Suruali imechanikia mlangoni kwangu, siwezi kukuacha uende hivyo. Simama wima."

Akampima pale pale uani, Mpambe anatazama, majirani wanatazama. Kifua. Kiuno. Mabega.

"Bega la kushoto limeshuka. Unabebea nini?"

"Mbao, mama."

"Badilisha bega. Na moyo wako unakwenda mbio hivi kwa nini? Unamwogopa mbwa?"

"Hapana, mama. Namwogopa mzee."

Majirani wakaangua kicheko. Baba alijitahidi asicheke, masharubu yakamsaliti. Mama akairudisha futi shingoni. "Haya, tumemaliza." Mpambe akaja, akanusa viatu vya seremala, akasogea pembeni.

Baba aliona kwa macho yake. "Kumbe ni futi," akasema polepole. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto aliyerukwa wakati wa kugawa: "Na mimi je?"

"Wewe hujawahi kuniletea kitambaa."

"Kampuni inatoa sare."

"Najua inatoa." Mama akazitoa pini zote mdomoni, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi moja moja. "Nimeushonea mtaa huu wote, wazima na waliokufa. Mume wangu tu ndiye sijui kifua chake ni inchi ngapi. Nilisema ataniomba. Nikasema tena ataniomba. Mwisho nikazoea."

Kinyozi hajinyoi, tunasema, tunacheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Seremala akasogea na kile kitambaa chake cha kijivu, akampa mama kwa mikono miwili. "Mzee aanze," akasema. "Mimi kiraka kinatosha."

Baba akavua kofia. Kirungu akanipa mimi nishike. Akanyoosha mikono pembeni, vile vile wanavyosimama watu anaowapekua getini kwake. Mama akazungusha futi kifuani pake na hakuwa na haraka hata kidogo. Akasoma inchi, akaiachia, akapima kifua kile kile mara ya pili.

"Umekonda, baba watoto."

"Hujawahi kuniambia."

"Ningejuaje?"

Mpambe alikaa chini na kutazama, sikio lililolala nalo likasimama.

"Haya," mama akasema, akairudisha futi shingoni. "Tumemaliza."

Baba akavaa kofia yake, akajikohoza, akamgeukia seremala. "Wewe, mbona umesimama nje? Ingia ukae. Mbwa ameshakuruhusu, mimi ni nani?" Nikajua nimepata mume. Nikaenda jikoni nikalia tena, na safari hii hasira haikuwamo. Shangazi alinifuata, akanikalia miguuni mpaka nikanyamaza.

Kesho yake seremala alipanda gari na kiraka chake nyuma na jibu lake moyoni.

Jioni baba akarudi kutoka kazini. Sare ile ile, kofia ile ile. Akafungua geti, akainua mkono tayari kusema amesikia. Mpambe akatikisa mkia, akasogea pembeni.

Baba akasimama. Akatoka nje, akalifunga geti, akaligonga na kirungu kwa kishindo, akaingia tena. Mpambe akapiga miayo.

"Mama watoto! Mbona huyu hanisalimii?"

"Ameshakujua," mama akajibu kutoka kwenye cherehani. Alikuwa anashona koti la kijivu.

"Nilikuwa nimeshazoea," baba akasema, kama anayejisemea mwenyewe. Akaketi mlangoni kwenye kigoda cha seremala, kofia magotini, mnyonge kabisa. Mpambe akamtazama kitambo, kisha akaja akalaza kidevu chake juu ya kiatu cha baba, akafumba macho. Mama aliita kwamba chakula kinapoa, akaita tena. Baba akamwashiria kwa mkono anyamaze, mbwa amelala.