Tarumbeta la Anthony

Hasira za Bibiana zilianza asubuhi, alipoingia chumbani kwa marehemu na kukuta kitanda kitupu. Marehemu mwenyewe alikuwa sebuleni, ndani ya jeneza. Kilichokosekana kitandani ni tarumbeta lake.

Bendi yao ya Chiwata ilikuwa na desturi yake. Mwanabendi akifa, chombo chake hulazwa kitandani kwake, na mtu haruhusiwi kukipuliza. Siku ya maziko hukibeba yule aliyezoea kusimama naye mstarini, na kaburi likishafukiwa ndipo yeye hukipa pumzi ya kwanza. Anthony alikuwa amepiga tarumbeta miaka thelathini, na miaka yote hiyo aliyesimama kushoto kwake ni Bibiana, na lile tarumbeta lake kubwa la besi la kujivika begani, ambalo wageni walishindwa kuamini kwamba linapulizwa na mwanamke.

"Tarumbeta liko wapi?" aliwauliza wanawake waliokaa mkekani.

Waliangaliana. Mmoja akasema Emmanuel kalichukua alfajiri. Bendi nzima, bila yeye kuambiwa, imekwenda Masasi mjini kupiga harusi.

Emmanuel ndiye kiongozi mpya wa bendi, mtu wa sare mpya na picha za simu, na Bibiana hakuwahi kumpenda hata siku moja. Alitoka uani akampigia.

"Shikamoo Mama Julia. Nisikilize kwanza..."

"Nikusikilize nini? Mwenzenu yuko kwenye sanduku, ninyi mnakimbilia pilau?"

"Tutawahi maziko, mama. Ila kuhusu tarumbeta, kuna jambo ambalo..."

Bibiana alikata simu. Majambo ya Emmanuel aliyajua. Lilipofika suala la sare alikuwa na jambo, lilipofika suala la kuwapumzisha wazee wa bendi alikuwa na jambo, na kila mara jambo lenyewe lilikuwa ni mdomo mtupu.

Maziko yalipangwa saa nane. Saa sita ilipita, bendi haijarudi, na kila aliyepiga simu aliambiwa bibi harusi bado anapambwa. Hapo Bibiana alikaza kanga yake ya msibani kiunoni, akamwita Abuu wa bodaboda na kumwambia ampeleke Masasi, tena aendeshe kama mtu aliyetumwa na mwenye haraka. Njia nzima vumbi lilimwingia mdomoni na yeye hakuacha kusema. Alimtukana Emmanuel, akamtukana na yule bibi harusi asiyemjua, anayejipamba mchana kutwa wakati watu wana maiti ndani.

Aliwakuta barabarani. Bendi ilikuwa mbele, imeng'aa kwa vifungo vya shaba, maharusi wakifuata kwa miguu, akina mama wakipiga vigelegele. Na pale mbele kabisa, tarumbeta la Anthony, lile lililobonyea ubavuni, lilikuwa mdomoni mwa Flora, aliyefundishwa na Anthony mwenyewe tangu siku ya kwanza kushika chombo.

Bibiana aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama vizuri. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Flora, akalishika tarumbeta kwa mikono miwili na kulichomoa mdomoni katikati ya wimbo. Wimbo ukakatika. Halfani wa ngoma kubwa peke yake ndiye aliyeendelea kupiga mapigo machache, hajui kilichotokea mbele, kisha naye akanyamaza.

"Mama, mimi nilitumwa," Flora alisema, na machozi yakamtoka.

"Na ukitumwa kuiba utaiba?"

Emmanuel alikuja mbio, mikono juu. "Mama Julia, kwa heshima yako, dakika moja tu."

"Heshima umeiacha Chiwata, imelala sebuleni."

Bibi harusi alifunua shela yake. Alikuwa binti mwembamba, macho makubwa. Aliitazama kanga ya msiba ya Bibiana, akalitazama tarumbeta, akapiga goti palepale vumbini na gauni lake jeupe. "Shikamoo mama," alisema.

Bibiana hakumwitikia. Alipanda pikipiki na kuondoka.

Alifika msibani jeneza likiwa tayari limefunikwa. Alipita katikati ya watu na tarumbeta kifuani, akaingia hadi kwa mjane, Paulina, na kumwekea miguuni. "Nimelileta, Mama Anselmo," alisema. "Nimelitoa mdomoni mwao."

Paulina alilitazama. Hakuligusa. "Harusi ya Maryam umeivunja?" aliuliza.

"Maryam ndiye nani?"

"Yule nesi wa hospitali ya Ndanda. Ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani, akimlisha uji. Anthony alimwahidi kumpigia harusini. Alipoona hatapona alimwita Emmanuel, akamwambia achukue tarumbeta, Flora apige, mtoto wa watu asiaibike. Hata kama mimi sijazikwa, alisema."

"Na mimi? Mbona hakuniambia mimi?"

"Alitukataza. Alisema Mama Julia msimwambie, atakuja kunigombeza mpaka wodini."

Wanawake mkekani waliinamisha vichwa. Bibiana aliliokota tarumbeta, akatoka nalo nje na kumkabidhi Abuu. Alimwambia alirudishe kwa Flora, na kama maharusi wako barabarani bado, awaambie waendelee. Sauti yake ilikuwa kali, kama vile Abuu ndiye mwenye makosa.

Wakaenda makaburini bila bendi, wakiimba kwa midomo tu. Katekista alisoma, jeneza likashushwa. Jamaa walitupa udongo kidogo kidogo kwa adabu. Zamu ya Bibiana ilipofika alichota kwa mikono miwili, akautupa kwa nguvu zake zote, ukagonga ubao hadi watu wakageuka.

"Miaka thelathini ubavuni mwako," alimwambia aliyeko shimoni, bila kujali nani anasikia. "Unaniogopa mimi? Ungeniambia, Anthony. Ningekuelewa. Ningenyamaza."

Na Bibiana, mikono ikiwa bado na udongo, alijua kwamba asingenyamaza.