Arobaini ya Stefania Hnatiuk

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Lesia Hnatiuk aliegesha gari nyuma ya kiwanda cha Orest Prokopchuk cha pirohi, vile vifuko vya unga vinavyojazwa viazi na kuchemshwa, upande wa kaskazini wa Winnipeg, akachomeka ukutani waya wa kupashia injini joto, kisha akazunguka kumfungulia mama yake mlango. Ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Mama yake, Stefania, hakuvaa koti. Alikuwa amefariki tarehe tisa Oktoba, kwa ugonjwa wa moyo, na tangu siku hiyo koti lilikuwa halimsaidii kitu.

Kwa Waukraine wa mtaa ule hilo halikuwa jambo la kukodolea macho. Marehemu hukaa karibu na watu wake siku arobaini. Ya arobaini ikifika, padri huimba, na wote aliokula nao na kufanya nao kazi hukaa meza moja, wakala ngano iliyochemshwa kwa asali. Hapo marehemu huaga akaenda zake. Wasipokaa wote, haendi. Stefania alikuwa amemkandia Orest unga miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo Orest na wafanyakazi wake kumi na mmoja walihesabika. Bila wao meza haikuwa meza.

Jumanne baada ya maziko Stefania aliingia kazini kama kawaida, akafunga kitambaa kichwani, akanawa mikono. Orest alitazama saa ya ukutani.

"Afadhali umekuja, Stefa," alisema. "Tangu asubuhi unga unakatikakatika, viazi vyote vinaishia sufuriani."

Arobaini ilipangwa katikati ya Novemba. Orest akaomba isogezwe kidogo, kwa sababu oda za Krismasi zilikuwa zimemkaba koo. Krismasi ikapita, ile ya Desemba na ile ya Januari ya kalenda ya zamani. Kisha kampuni moja ikataka pirohi zake kwa maduka yake sitini, na Orest akakodi jengo la pili mjini Brandon. Wahenga walisema punda afe mzigo ufike. Hawakusema lolote kuhusu punda aliyekufa huku mzigo uko nusu ya njia.

Jumapili, kiwanda kikifungwa, Stefania alikaa jikoni kwa Lesia, mikono mapajani, akiuliza kila baada ya muda, "Bado?"

"Bado, mama."

Lesia ilimuuma. Maisha yake yote mama huyu hakuwahi kuomba likizo. Sasa alikuwa ameomba kufa tu sawasawa, na hata hilo lilihitaji kibali cha bosi.

Mwezi Februari alikuja Denise Lavallée, mwanamke mfupi mwenye viatu vizuri, kazi yake kuyaandaa makampuni madogo yasije yakapasuka yakikua. Alikaa kiwandani siku mbili akiuliza maswali. Kila swali lilijibiwa, "Muulize Stefania."

"Mzee Orest," alisema siku ya tatu, "biashara iliyoko kichwani mwa mtu mmoja si biashara. Ni kichwa. Huyu mama akiondoka?"

"Alishaondoka," alisema Orest. "Karudi."

"Asiporudi je?"

Hilo Orest alikuwa hajalifikiria. Iliamuliwa kila kitu kiandikwe: nani anafanya nini, saa ngapi, kwa kipimo gani. Kazi ya kuandika alipewa Lesia, aliyekuwa upande wa kufungasha.

"Ukimaliza hilo daftari, binti," Orest alimwambia, "Jumapili inayofuata tunafanya arobaini. Hapa hapa. Ngano nanunua mimi."

Lesia hakuwahi kuandika kwa bidii namna ile. Wiki tatu alimfuata mama yake na kalamu sikioni. Aliandika viazi vinapondwa vikiwa na joto gani, jibini linatiwa wakati gani, na kwa nini usimenye kitunguu karibu na mlango. Alifika ukurasa wa kumi na nne, unga.

"Maji kiasi gani, mama?"

"Mpaka unga uwe kama ndewe ya sikio."

"Sikio la nani?"

"Sikio ni sikio, Lesia. Usinichoshe."

Akaandika hivyo hivyo. Denise akaujaribisha ukurasa. Wafanyakazi kumi na mmoja walisimama kila mmoja na bakuli lake, mkono mmoja kwenye unga, mwingine sikioni, na yakatoka madonge kumi na moja yasiyofanana hata mawili. Aliyetoka nje kuvuta sigara alikuwa na sikio gumu kama kigae kwa baridi, na donge lake vilevile. Mama mmoja alilainisha mno, akasema hereni zimemvuta ndewe tangu ujana.

"Ndiyo tabu ya watu walio hai," alisema Denise, akiandika. "Mama Stefania, samahani." Akaigusa ndewe yake. Akaigusa tena Jumatano, na Ijumaa, asubuhi na mchana, karibu na tanuri na karibu na friji. Ilikuwa ile ile. "Hiki ndicho kipimo. Hakipandi, hakishuki." Ukurasa wa kumi na nne ukasomeka: *Ongeza maji kidogo kidogo. Gusa ndewe ya Stefania. Vikilingana, acha.*

Lesia aliusoma mara mbili. Aliona wazi kwamba ukurasa ule ukibaki, mama yake hatakwenda popote, leo wala kesho. Watu walipokwenda kula, akauchomoa akaandika mwingine: *Maji gramu mia tatu na arobaini kwa nusu kilo ya unga.* Namba ilikuwa ya kubuni, ila ilionekana nadhifu.

Siku iliyofuata walikanda kwa namba ile. Pirohi elfu mbili zikaingia kwenye maji yanayochemka, zikapasuka zote. Sufuria kubwa sita zikawa supu ya viazi, na Orest akasimama juu yake na mwiko kama mtu aliyefika msibani amechelewa.

"Nani kasema mia tatu na arobaini?" aliuliza Denise.

Lesia alimtazama mama yake, akamwomba kwa macho. Stefania alichota kipande cha unga kilichoelea, akakibonyeza kwa vidole.

"Si mimi," alisema. "Huu si unga. Hii ni gundi." Akasogeza bakuli, akainamisha kichwa upande mmoja ili sikio lifikike vizuri, akawaita waje mmoja mmoja.

Kwenye gari Lesia alishindwa kujizuia.

"Mama, nilikuwa nakutoa pale!"

"Najua, mwanangu."

"Sasa kwa nini?"

"Uliziona lakini? Zote zimepasuka." Stefania alitazama theluji iliyorundikwa kando ya barabara. "Watu wangekula nini?"

Lesia alilia kuanzia daraja mpaka nyumbani, kwa hasira, na mama yake akamshikia usukani kwenye kona moja.

Daftari lilikamilika Machi, kurasa sitini na mbili. Denise alimsifu Orest mbele ya wote: kampuni imekaa tayari kukua. Stefania angekuwa Winnipeg Alhamisi hadi Jumamosi, na Brandon Jumatatu hadi Jumatano. Arobaini ingesubiri kwanza tawi la Brandon lisimame vizuri.

Jumatatu ya kwanza, Lesia akiwa tayari kuondoka, injini inanguruma na mama yake ameshafunga mkanda, Orest alitoka mbio, hana kofia, ameshika ubao wenye karatasi.

"Binti, ngoja! Jambo dogo. Denise anasema kila nafasi muhimu lazima iwe na mtu wa akiba. Na wewe umefanana na mama yako, kila mtu anasema."

Lesia alisoma. Jina lake lilikuwa limeshachapwa. Mahali pa kuanza kazi palisema: *mara tu mtia sahihi atakapofariki.* Alitafuta mahali pa tarehe ya kumaliza. Akageuza karatasi, nyuma palikuwa peupe.

"Mwisho wake lini?"

"Mwisho wa nini?" aliuliza Orest, na kweli hakuelewa.

"Weka sahihi, mwanangu," alisema Stefania. "Brandon wameshafungua milango, na hakuna anayejua kukanda."

Lesia aliiweka kalamu kwenye mstari. Haikuandika, wino ulikuwa umeganda. Akaisogeza mdomoni, akaipulizia pumzi yake ya joto mara tatu, nne, mpaka wino ukalainika, akatia sahihi.