Udongo wa Kulinganishia

Zamani pale kiwandani walivunja betri kuukuu na kuyeyusha risasi iliyokuwamo. Siku biashara ilipochacha, wenye mali walifunga virago na kuwaachia majirani uchafu, kama kawaida ya watu wa aina hiyo. Sasa udongo ule ulikuwa unaondolewa kwa vijiko viwili. Kimoja ni mtambo mkubwa wa kuchimbia, na dereva wake alikuwa na maneno mengi. Cha pili ni cha mkononi, cha kuchotea sampuli, na mwenye nacho alikuwa mwanamke aliyezaliwa ng'ambo ya kilima.

"Dada, leo tubadilishane vijiko," dereva alimtania kila asubuhi.

"Wewe hata glavu hujui kubadilisha, utaweza changu?"

Alikuwa mkali kwa kazi. Udongo umwagiwe maji kwanza, vumbi lisipande. Lori lifunikwe turubai. Kijiko kioshwe kabla ya kugusa shimo jingine, pale pasije pakasingiziwa uchafu wa hapa. Aliyevua barakoa ili apumue kidogo alipata maneno yake.

Ilihitajika pia sampuli moja safi ya kulinganishia, kutoka mahali ambapo kiwanda hakikufika. Hakuwaza mara mbili. Alikwenda kwa wazazi wake, akachota uani, kwenye udongo laini wa kijivu aliouchezea utotoni na mdogo wake. Mama alicheka.

"Huko kote umekosa udongo?"

"Nataka ulio safi, mama."

Majibu ya maabara yalipotoka, msimamizi alimwita pembeni. "Umechanganya mifuko. Huu wa kulinganishia umeuzidi kwa risasi hata wa kwenye tanuru."

Alirudi kuchota tena, kwa kijiko kipya. Majibu yakawa yale yale. Akakaa juu ya ndoo.

Maana alikumbuka. Baba alikuwa kibarua wa kiwanda, na kila Jumamosi alirudi na gunia begani: udongo wa bure, wa kusawazishia ua uliojaa mawe, watoto wasijikwae. Mdogo wake ndiye aliyeupenda. Aliulamba, akasema mtamu. Kisha tumbo likaanza kumsumbua, akasahau maneno aliyokwisha kuyajua, akashikwa na degedege, wakamzika kabla hajaanza shule. Watu walisema mama hakumwangalia mtoto, na mama aliyabeba maneno hayo mpaka leo.

Angeweza kukubali kwamba alichanganya mifuko, na baba akazeeka kwa amani. Lakini mtoto wa kaka yake alikuwa ameanza kutambaa, na alitambaa uani mle mle.

Akapiga moyo konde. Aliwakuta barazani, mjukuu amelala mapajani mwa bibi yake.

"Mama, mtoto asishushwe tena uani. Udongo una risasi. Ndiyo iliyomuua mdogo wangu."

Mama hakusikia ila neno moja. "Risasi? Mwanangu alikufa kwa risasi?" Alimkumbatia mjukuu kwa nguvu. "Nani alipiga?"

Baba alielewa ni risasi gani. Risasi hiyo aliijua, aliiyeyusha ujana wake wote. Aliutazama ua, na mkono ukapanda wenyewe mpaka begani, pale gunia lilipozoea kukaa.

"Mimi," alisema.

Binti yake alijaribu kueleza, kwamba ni madini, kwamba hakuna aliyewaambia vibarua kitu. Yote yalikuwa kweli, na hayakumsaidia mtu yeyote pale barazani.

Mtambo haukupita langoni, hivyo ua ulichimbwa kwa koleo. Dereva alishuka akachimba pamoja na wengine, na siku hiyo hakutania mtu. Baba alitaka kushika koleo. Binti alimkatalia, akamvalisha barakoa, akamketisha mbali, nje ya lango. Mkono ulikuwa bado begani.

Baadaye mama alitoka na kiti, akakiweka kando ya cha mumewe. Aliushusha ule mkono kutoka begani, akaushika.

Udongo ulipokwisha kufunikwa kwenye lori, binti aliosha kijiko chake, akashuka shimoni kuchota sampuli ya chini kabisa. Alipopanda, baba alikuwa akimtazama.

"Umeisha?"

"Tusubiri majibu, baba."