Wapangaji Hawajahama

Mstari ulilala chali kwenye skrini. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliutazama kama anayesomewa hukumu.

"Basi," alisema. "Unga wangu ni kokoto."

Alikuwa ametengeneza silika, ile ya mchanga na kioo, kutokana na makapi ya mpunga, unga wa kubebea dawa ndani ya vinyweleo vyake. Vinyweleo hivyo ni vidogo mno kwa darubini yetu, kwa hiyo tunavipima kwa gesi. Tunaupoza unga kwa nitrojeni ya kimiminika, tunauingizia gesi kidogo kidogo, na jinsi unavyoimeza hutuambia upana wa matundu. Unga wake haukumeza kitu. Kesho yake saa kumi mkuu wa maabara angeamua kama tanuri libaki kwake au apewe mwingine, na nitrojeni iliyobaki ilitosha kipimo kimoja.

Mashine hii nilijifunza mwenyewe, kwa kuifungua na kuifunga. Imenizoesha kutoharakisha. Nikamwaga unga kwenye karatasi. Badala ya kuwa mweupe, ulikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara.

"Uliuchoma kwa saa ngapi?"

"Mbili."

"Badala ya?"

"Sita. Watu walikuwa wanalisubiri tanuri, shemeji! Usinitazame hivyo."

"Sijakutazama."

"Ndiyo maana inauma."

Silika yake huganda kuizunguka sabuni, kisha sabuni huunguzwa ili iache nafasi.

"Vyumba huenda vipo," nikamwambia. "Wapangaji hawajahama."

Akacheka bila kutaka. "Na kama havipo?"

"Tuulize mizani kwanza. Yenyewe haili nitrojeni."

Tukapima miligramu mia mbili, tukazichoma kwa saa sita kamili. Zikarudi mia na hamsini. Robo nzima ilikuwa sabuni! Tukaukausha unga kwa joto na pampu usiku kucha, na asubuhi nikamimina nitrojeni ya mwisho.

Mstari ukatambaa, kisha ukapanda ghafla. Gesi ilipoanza kutolewa, ukashuka kwa njia nyingine, kama inavyokuwa gesi ikitoka kwenye tundu la kweli. Upana wa matundu: nanomita tano na nusu.

"Dawa yako inataka ngapi?"

"Nne," alinong'ona.

Mkuu aliingia dakika kumi kabla ya saa kumi. "Huu ndio unga wa jana?"

"Uleule, mkuu," alijibu shemeji. "Niliutoa tanurini mapema, kosa langu."

Mkuu akautazama mstari, akaandika jina la shemeji kwenye orodha ya tanuri. Shemeji akaiomba kalamu, akaongeza pembeni muda wa kuchoma: saa sita.