Vipande Vitatu Chini ya Meza

Meza ya Mama ilikuwa imelala chali uani, miguu juu, nami nimechuchumaa kando yake na brashi tatu. Upande wa chini, ambao mgeni hauoni, nilipaka vipande vitatu vya ukubwa wa kiganja: kimoja vanishi, kimoja rangi nyeupe, kimoja mafuta ya mbao. Ndivyo tunavyofanya karakana. Hupaki kitu kizima kwa kubahatisha. Unajaribu pale ambapo kosa litajificha.

Mimi kule karakana ni mpiga msasa. Shule niliishia ya msingi, lakini mbao nazijua kwa kuzipapasa. Hii meza na viti vyake vinne vilikaa nje misimu miwili ya mvua tangu Mama afariki, vikapauka, vikaota ukungu kwenye maungio. Nilivirudisha taratibu, kila jioni nikitoka kazini, wiki saba. Nikakwangua, nikatia gundi mguu uliolegea, nikapiga msasa mpaka wekundu wa mti ukajitokeza. Kilichobaki ni kuvipaka kitu cha kuvikinga, na hapo nikakwama.

Sikukwama kwa kutojua. Nilitaka wenzangu wachague. Tuko wanne, mimi kitindamimba, na ndimi niliyebaki nyumbani. Tulipomzika Mama tuliahidiana kwamba kiangazi kikifika tutakutana hapa, tukae kwenye meza hii kama zamani. Kiangazi kilikuwa kinakwisha. Nikajiambia, mtu akichagua kitu mwenyewe atataka kuja kukiona. Basi nikavipiga picha vile vipande, nikatuma kwenye kundi letu la simu: "Jamani, tupake kipi? Mvua haiko mbali."

Wote wakaona. Siku hiyo hakujibu mtu.

Kesho yake kaka yangu wa pili akaweka kidole gumba. Nikamwuliza, "Hicho kidole ni cha kipi, kaka?" Akaweka kingine.

Nikacheka, kisha nikatia simu mfukoni. Kucheka peke yako uani kunachosha upesi.

Siku zikaenda. Kule karakana, fundi mkuu, tunayemwita Randa kwa jinsi ulimi wake unavyokwangua watu, akaniuliza, "Meza ya mama yako vipi?"

"Nasubiri kura."

"Kura! Umekuwa tume ya uchaguzi? Wengi wape, mwanangu, sasa hao wengi wako wapi?"

"Watajibu."

"Mawingu hayasubiri mtu. Mbao ikinyeshewa uchi, unarudi kwenye msasa." Akapuliza vumbi la mbao kwenye mkono, akashusha sauti. "Wengi wangekwambia vanishi. Inang'aa, mgeni anasifu. Lakini ikipata ufa, maji yanapita chini yake, inababuka kama ngozi. Hapo ni kuikwangua yote upya, kazi ya watu watatu, wanne."

"Rangi je?"

"Rangi ni hivyo hivyo, na mti huuoni tena. Mafuta hayana makuu. Kila baada ya miezi michache, mtu mmoja, kitambaa kimoja, asubuhi moja. Basi."

Jumapili nikampigia dada. Nyuma yake nilisikia sahani na watoto.

"Kitinda! Picha nimeziona, vyote vizuri. Fundi si wewe? Paka unavyoona."

"Wewe ungependa kipi?"

"Chochote tu, mdogo wangu."

"Na kuja?"

Mtoto akalia, dada akamnyamazisha kwa muda mrefu kuliko kilio chenyewe.

"Mwaka huu umebana," akasema. "Na kaka zako nao hawaji. Sikutaka uyasikie kwangu."

"Mmeamua lini?"

"Mwezi uliopita. Tulikuonea huruma, ulivyokuwa unatuma zile picha za msasa. Tukasema tumwache kwanza amalize."

"Haya, dada. Wasalimie watoto."

Nikarudi uani. Nikadondoshea maji kila kipande kwa kidole. Vanishi iliyakataa, rangi iliyakataa, mafuta nayo yaliyakataa. Matone yalisimama juu ya vyote vitatu, ya duara, safi. Hakukuwa na kibaya. Nikahesabu tu watu watakaokuwepo siku vanishi itakapobabuka, nikafika mmoja.

Nikafungua kopo la mafuta. Nilianza na meza, nikaingia kwenye viti, nikikusudia vyote vinne. Mbao hazikumkosea mtu. Mti ulikuwa na kiu. Kila nilipopitisha kitambaa, mafuta yalizama na mistari ya mbao ikaja juu, myeusi, myekundu, kama vile mtu amefungua dirisha ndani yake. Kitambaa kikilowa sana nilikianika kwenye kamba bila kukikunja, maana kitambaa cha mafuta kikikunjwa huweza kupata joto kikawaka chenyewe.

Nilikuwa kwenye kiti cha pili kaka mkubwa alipopiga. Nikabonyeza simu kwa kifundo cha kidole.

"Kitinda, nimefikiria. Tupake nyeupe. Mama alipenda nyeupe."

"Imeshakunywa mafuta, kaka. Rangi haitashika."

"Si ungesubiri kidogo?"

"Nimesubiri siku kumi na moja."

Akaguna. "Dada yako ameniambia mmeongea."

"Tumeongea."

"Usikasirike."

"Sijakasirika."

"Sasa inapendeza?"

"Njoo uone."

Alicheka, kicheko cha mtu anayetafuta mlango, akasema kuna mtu anamwita, tutaongea. Nikasema sawa. Skrini ikazimika, ikabaki na alama ya kifundo changu.

Ile meza ilikuwa imeshakaa nusu saa. Mafuta ambayo mti umeshindwa kuyanywa lazima yafutwe, la sivyo yananata na kushika kila vumbi. Nikachukua kitambaa kikavu, nikaanza kufuta kutoka pembeni, kwa kufuata mistari, huku viti viwili vikiwa bado vinangoja.