Masikio Yote Mawili Yaonekane

Kwa miaka ishirini na sita Kidevu hakuwahi kumpiga picha kiumbe asiyekaa kwenye stuli. Mji mzima ulimwita Kidevu kwa sababu ya neno lake moja, "shusha kidevu," ambalo aliwaambia mahakimu na wauza mkaa kwa sauti ileile. Dada yake, Mama Kitana, ndiye aliyekaa mlangoni mwa studio na kitana, kikopo cha mafuta na koti jeusi la wote. Mteja akija na shati la kazini, alivishwa koti, akachanwa nywele, akafutwa jasho, akaingia nyuma ya pazia mtu wa heshima zake. Akitoka alivua koti, akarudi kuwa yeye.

Kisha ofisi ya pasipoti ikajinunulia kamera yake yenyewe na kuifunga palepale dirishani kwa karani. Wateja wakakatika kama maji ya bomba. Haikupita muda, mwenye nyumba akaja kupima chumba kwa hatua za miguu, na nyuma yake akifuatwa na kinyozi.

"Simfukuzi mtu mimi," alisema. "Ila mkifika mwisho wa mwezi hamna kazi ya kueleweka, huyu bwana ataingia."

Kinyozi alikuwa ameshaanza kuchagua ukuta wa kutundika kioo chake. Aliuchagua wa chumba cha nyuma, juu kidogo ya kitanda cha Mama Kitana, maana ndimo alimolala. Mama Kitana akanyoosha shuka lake jeupe kitandani. Usiku huo alisali sala ndefu kuliko kawaida, na hata kinyozi akamtaja humo, kwa wema, ingawa ilimchukua muda.

Wiki ile ile Idara ya Mazingira ikatangaza kuwa inatafuta mpiga picha wa kalenda ya wanyama na ndege. Atakayeleta picha ya kwanza ikakubaliwa, kazi ya mwaka mzima ni yake. Kidevu akaenda kuchukua karatasi ya maelekezo, akarudi anakimbia.

Karatasi ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uliandikwa na mtu aliyekwisha kulala porini: jua liwe mgongoni kwako, vaa rangi ya udongo, shuka mpaka kimo cha mnyama, lenga jicho, usisogelee kiota ukamfukuza mama. Ukurasa wa pili uliandikwa na karani. Idara haikuwa na masharti yake, basi karani aliazima ya ofisi ya pasipoti, akafuta neno "mwombaji," akaandika "mnyama." Mandhari ya nyuma yawe meupe. Uso utazame mbele. Masikio yote mawili yaonekane. Mhusika asicheke.

"Dada!" Kidevu alisema, machozi yakimlengalenga. "Hii kazi wameniandikia mimi!"

"Soma na ukurasa wa kwanza," alisema Mama Kitana.

"Wa kwanza ni maneno ya mazungumzo tu. Muhuri uko wa pili."

Na kweli, waliofuata wa kwanza walikuwa wanaula wa chuya. Kule dirishani kwa Idara, alipokwenda kuchukua karatasi, Kidevu alikuwa amemkuta bwana mmoja wa kamera kubwa, mwenye fulana ya majani majani na lenzi ndefu kama bomba la moshi. Alileta picha ya tai angani, mtu ukiiona unashika kofia. Karani aliirudisha.

"Katazama pembeni."

"Tai akitazama mbele, ndugu yangu, ujue anakuja kunila mimi!"

"Na nyuma kuna mawingu," alisema karani. "Anayefuata!"

Asubuhi iliyofuata ndugu hao wawili wakaenda kwenye bwawa la maji ya mji, Kidevu kabeba kamera, Mama Kitana kabeba shuka lake jeupe na miti miwili. Mama Kitana alilijua bwawa lile, kwa kuwa alikuwa akifua kando yake enzi za ujana. Pale kwenye kokoto palikuwa na kitwitwi, ndege mdogo wa miguu mirefu, anayetaga chini bila hata kujenga, mayai yake yakafanana na mawe mpaka ukayakanyaga.

Kidevu hakupoteza wakati. Alisimika miti nyuma ya mayai, akatandaza shuka, akalivuta mpaka likanyooka kama ukuta wa studio. Kitwitwi akaruka, akatua mbali, akaanza kuburuta bawa moja chini.

"Masikini, kavunjika," alisema Kidevu. "Basi, sasa atatulia."

"Hajavunjika hata unyoya. Anakudanganya umfuate yeye, uyaache mayai. Mama ndivyo alivyo."

"Basi akimaliza maigizo atarudi kukaa."

Hakurudi. Shuka lilipigwa na upepo, likapaza sauti kama mtu anayepiga makofi, na kila lilipopiga kitwitwi alirudi nyuma hatua kumi. Jua likapanda. Kokoto zikaanza kuunguza kupitia soli za viatu. Mama Kitana alimwona ndege kwa mbali, mdomo wazi, anahema, akitazama mayai yake matatu yanavyochomwa. Akakumbuka kioo cha kinyozi juu ya kitanda chake. Akayatazama tena mayai. Alijua anachotaka kufanya, na alijua kitamgharimu nini, basi akasema tu, "Mungu nisamehe nikikosea," akaenda akang'oa mti wa kwanza.

"Dada! Unabomoa studio!"

"Studio ina mimi na wewe, na tuna miguu ya kuhama." Akang'oa wa pili. "Hayo mayai yana miguu?"

"Bila nyeupe nyuma haikubaliwi! Utalala wapi, wewe?"

"Nitalala ninapolala. Lakini sitalala vizuri juu ya watoto wa mwenzangu waliochemka. Shika huku tukunje."

Kidevu akashika, huku akinuna kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Hawajafika mbali, kitwitwi akarudi mbio kwa bawa zima kabisa, akakalia mayai yake.

Njiani Mama Kitana akamwambia asome ukurasa wa kwanza kwa sauti. Alisoma. Walipofika nyumbani alimwambia asome tena.

Kesho yake walifika bwawani kabla jua halijatoka, wamevaa magunia. Baridi ilikuwa imelala juu ya maji, ikafuka ukungu mzito, bwawa halionekani, ng'ambo haionekani, dunia yote nyuma ya kitwitwi imekuwa karatasi nyeupe. Kidevu akafungua mdomo kupiga kelele ya furaha. Dada yake akauziba kwa kiganja.

Kamera ya studio ilikuwa haioni mbali, kwa hiyo ilibidi waende kwa matumbo. Mama Kitana ndiye aliyeongoza, kwa kunong'ona.

"Usiende moja kwa moja, atadhani wewe paka. Nenda kama unayepita zako. Akiinua shingo, kufa. Akiishusha, fufuka."

Kidevu alikufa mara kumi na tisa. Mara moja alikufa juu ya siafu, na hakufufuka mpaka aliporuhusiwa. Kitwitwi akawazoea, akaona ni magunia tu ya watu wasio na kazi, jambo ambalo halikuwa mbali na ukweli. Walipofika umbali wa kutosha, jua likachungulia nyuma ya migongo yao, likamwangaza ndege usoni. Kidevu akalenga jicho. Mazoea yana tabu.

"Shusha kidevu," akanong'ona.

Ndege akageuka kumtazama ana kwa ana. Kamera ikalia.

Dirishani karani aliiweka picha mezani, akapitisha rula.

"Nyuma nyeupe, sawa. Uso mbele, sawa. Hajacheka." Rula ikasimama. "Masikio yako wapi?"

"Anayo," alisema Mama Kitana. "Yamefunikwa na manyoya."

"Hairuhusiwi kufunika."

"Soma sharti la saba, mwanangu. Kichwa kinaweza kufunikwa kwa sababu za dini. Nimevisha watu koti miaka yote hiyo, hayo masharti nayajua kwa moyo."

"Na huyu nani kamfunika?"

"Mwenyezi Mungu mwenyewe. Kama una mamlaka ya kumfunua, haya, anza."

Karani alimtazama, akaitazama picha, akatazama kalenda ya mwaka jana ukutani, isiyo na mnyama hata mmoja, ila picha ya jengo la Idara miezi kumi na miwili. Akatia alama ya sawa.

"Bado sahihi ya mhusika. Asiyeweza kusaini anasainiwa. Uhusiano wako naye?"

"Jirani."

"Jirani haimo. Kuna mzazi, mlezi, au mwajiri."

"Mwajiri ni yeye," Kidevu akaropoka. "Sisi ndio tunamtegemea."

"Andika mlezi," alisema Mama Kitana, akachukua kalamu. Aliandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kama alivyofundishwa darasa la nne, wala hakuona kama amedanganya.

Muhuri ukashuka. Karani akavuta karatasi ya barua ya kazi. "Mwezi wa pili ni popo," alisema bila kuinua kichwa.

"Popo hulala miguu juu," alisema Kidevu.

"Hilo si letu. Picha iletwe kichwa kikiwa juu. Barua mtaichukua Jumatatu, kwa tarehe ya Jumatatu."

Jumatatu ilikuwa tayari mwezi mwingine, na mwenye nyumba alisema mwisho wa mwezi huu. Kidevu hakuhesabu, alikuwa bado anawaza popo. Mama Kitana aliweka viwiko vyake viwili juu ya ubao wa dirisha, kama mtu aliyeshakaa na hana haraka ya kuondoka.

"Andika ya leo, baba," alisema. "Tutasubiri hapahapa. Kulala chini mpaka mtu atuzoee, tumeshajifunza."

Karani akachukua kalamu yake. Kisha akaandika ya leo.